Papa Fundi na Dari la Chinsapo

Ukiingia nyumbani kwa Papa Fundi ulitakiwa kuwasha taa, na ukitoka ulitakiwa kuzima. Ukisahau kuzima alikuita urudi, hata kama umeshafika bombani na ndoo iko kichwani. Ulirudi, ukabonyeza swichi kando ya mlango, tak, akasema "Merci," ndipo ukaruhusiwa kuendelea na maisha yako.

Kitu kidogo nilichosahau kusema ni kwamba nyumba ile haikuwa na umeme. Hapa Dzaleka, kambi yetu Malawi, hakuna nyumba ya mkimbizi iliyo na umeme. Umeme uko kule ofisini na zahanati, nasi tunautazama kwa mbali jinsi watoto wanavyotazama harusi ya watu wasiowajua.

Papa Fundi hakujali. Alivuta nyaya nyumba nzima. Ukuta wa matofali ya udongo aliuchimba mfereji kwa patasi, kutoka kwenye swichi hadi juu, mpaka mkewe akaanza kutoa vyombo nje akiamini nyumba inaanguka. Akalaza paipu, akapitisha waya, akafukia kwa udongo, akasiliba. Huko juu, kwenye miti inayobeba nyasi za paa, alifunga nyaya mbili mbili, nyekundu na nyeusi, zimenyooka kama mistari ya daftari. Sebuleni swichi moja na soketi mbili. Chumbani swichi moja. Kwenye banda la kuku kulikuwa na kishikio cha balbu. Balbu yenyewe haikuwepo. Kuku walikuwa wanaingoja pamoja na sisi wengine.

"Siku magetsi itafika," alituambia, kwa maana hata yeye alishajifunza neno la Wamalawi la umeme, "nyinyi wote mutakimbia-kimbia kutafuta fundi. Mi nitakuwa nimekaa."

Nyaya alizipata wapi? Alibadilishana. Mtu akirudi kutoka mjini na kipande cha waya, Papa Fundi alimpa maharage ya mgao. Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema mara moja tu mbele ya wageni, akinyooshea kidole ukuta: "Bunge ya miezi mitatu iko mule." Bunge ndiyo jina letu la maharage. Wageni wakautazama ukuta kwa heshima.

Siku hizi wamehama, na wanaokaa mle wananing'iniza vitunguu kwenye swichi. Mimi nikipita natamani kuingia niwazimie.

Papa Fundi alikuwa mfupi, tumbo lake limetangulia kama mtu wa kufungua njia, na miguu yake ilikuwa myembamba kiasi kwamba sisi wasichana wa darasa la nane tuliwahi kubishana kama ni yake. Sikioni alikuwa na penseli. Sijawahi kuona penseli ile ikiandika. Mfukoni alikuwa na kamba yenye mafundo, kila fundo kiganja kimoja, na kwa kamba hiyo alipima dunia yote. Alipima foleni ya unga. Alipima shimo la choo cha jirani na kumwambia limepinda. Jumapili moja alimfuata mchungaji baada ya ibada, akamweleza kwa upole kwamba mimbari imelala vidole viwili kwa kushoto. Mchungaji akacheka. Lakini Jumapili iliyofuata hakuna aliyesikia mahubiri, kanisa zima tulikuwa tumelaza vichwa kushoto, tunahakikisha.

Ukimcheka alisema: "Acha nipime kwanza, utanicheka kisha." Nami nilikuwa mteja wake mkubwa wa kumcheka. Nyumba yetu ilipakana na yake, ukuta kwa ukuta, na mama yangu alishazoea kuomba msamaha kwa niaba yangu kabla hata sijakosea, kama mtu anayelipia nauli mapema.

Sasa jambo la pili nililosahau kusema. Papa Fundi aliogopa umeme.

Ndiyo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha sukari huko Zaire, cheti chake kilikuwa ndani ya nailoni chini ya godoro, chenye mihuri mitatu, nimekiona. Lakini umeme wenyewe, ule ulio hai, hakutaka hata kukaa nao chumba kimoja. Niligundua siku nesi alipomwita zahanati kubadilisha balbu moja. Balbu moja! Papa Fundi aliomba umeme uzimwe. Wakazima chumba kile. Akasema hapana, jengo. Wakazima jengo. Akauliza kama ofisi nayo haiwezi kuzima kwa muda. Kisha akavaa mabuti ya mpira, moja la kwake na moja la mkewe kwa sababu la pili la kwake lilikuwa limepasuka, akapanda kiti, akanong'ona sala, akaigusa ile balbu kwa nyuma ya kidole kama mtu anayegusa tumbo la mbwa aliyelala.

Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje. Papa Fundi alipotoka alinikuta bado ninacheka.

"Cheka tu," akasema. "Mi nilimubeba mwenzangu kule kiwandani. Alikuwa anajua kazi kunipita mimi. Nilimubeba ku mugongo mpaka ku portail, ku geti kubwa, na alikuwa amekwisha."

Nikaacha kucheka. Kwa dakika tano hivi.

Ndiyo maana nadhani Dzaleka ilimfaa. Fundi wa umeme mahali pasipo umeme, hakuna anayekufa. Angeweza kuvuta nyaya zake kwa amani hadi uzee. Tatizo ni kwamba alikuwa na binti mmoja, na binti huyo aliolewa mjini.

Mimi nilimwita Yaya, kwa sababu alikuwa kama dada yangu mkubwa, ndiye aliyenisuka nywele nilipokuwa bado nalia kusukwa. Mumewe alikuwa kijana wa kutoka milima ile ile ya kwao, anauza nguo za mitumba Lilongwe na wamepanga nyumba Chinsapo, mtaa wa huko. Kijana mzuri, mrefu, mwenye adabu hadi inakera. Hapa ndipo lazima nieleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikaa miezi akiadhibiwa na kitanda.

Kwao, baba haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Haoni kitanda chao. Hata kukisikia kikitajwa hataki, ukisema "kitanda" mbele ya baba mkwe umemvua nguo. Na akikiona kwa bahati mbaya, basi: hali chakula cha nyumba ile, hanywi maji yake, wala hapakati mtoto aliyezaliwa mle, mpaka wazee wa pande mbili wakutane, waseme maneno yao, wanywe pombe yao, waliondoe kosa lile. Huko nyumbani jambo hilo lilichukua mchana mmoja. Lakini sisi tulikuwa wakimbizi. Wazee wa upande wa mume, mmoja alikuwa Kigoma kwenye kambi nyingine, na wawili hakuna aliyejua kama wako duniani. Kwa hiyo Papa Fundi aliuchunga mwiko ule kama anavyouchunga umeme: hapa ukiungua, hakuna wa kukuzimia.

Binti alipopata mimba, ikatokea kwamba mwenye nyumba wa Chinsapo aliruhusu umeme uletwe. Mita ingewekwa ukutani, lakini nyaya za ndani ni juu ya mpangaji. Habari zilipofika kambini Papa Fundi alisimama katikati ya sebule yake, akawasha taa isiyowaka, akatangaza:

"Nyaya nitavuta mimi. Siku ya harusi nilimupatia sahani mbili na mashauri. Sasa mutoto wa mutoto wangu hatazaliwa akute giza. Ataingia ku chumba yenye taa, na taa ile nitakuwa nimeiweka mi babu yake."

Mkewe akasema, "Chumba?"

Akasema, "Tutaona."

Nilichukuliwa kama mkalimani. Kichewa changu nilijifunza shuleni kwa njia ya matusi, lakini kilitosha. Kwenye duka la vifaa mjini, muuzaji akauliza anataka mita ngapi. Papa Fundi akatoa kamba yake, akahesabu mafundo. Muuzaji akaitazama kamba, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kichewa kwamba bambo, mzee huyu, ndiye aliyejenga umeme wa Zaire yote, na kamba ile aliachiwa na mzungu. Muuzaji alimletea kiti na Fanta. Papa Fundi akanywa, akaniuliza, "Umemuambia nini?"

"Nimesema una kiu."

"Batu ya hii inchi iko na roho muzuri sana," akasema.

Siku mbili za kwanza Chinsapo zilikwenda vizuri ajabu, na lazima niseme ukweli: mtu yule alijua kazi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, na chini ya bati dari la ubao laini, zile mbao za kubonyea kama biskuti iliyolowa. Alichimba mifereji ukutani iliyonyooka hadi majirani wakaja kuitazama. Alipanda juu ya dari kupitia tundu la jikoni na kutambaa kwenye boriti, tumbo huku, miguu kule, tunasikia tu pumzi yake ikihama kutoka chumba hadi chumba.

Mahali pamoja, juu ya stoo, bati lilishuka chini sana na tumbo likakataa kupita. Tukadhani kazi imekwama. Papa Fundi akashuka, akawaza, akaomba kuku. Kuku wa jirani alikuwa na vifaranga. Akamfunga kifaranga mmoja uzi mguuni, akamweka upande huu wa dari. Mkwe akamshikilia mama kuku upande wa pili, kwenye tundu la mwisho, kuku akilalamika kwa sauti kubwa. Mama kuku analia, kifaranga anajibu, na kidogo kidogo uzi ukawa unakimbia mikononi mwa Papa Fundi, ukapita pale ambapo mtu hapiti. Kwenye uzi akafunga kamba, kwenye kamba akafunga waya. Mkwe akavuta. Waya ukatokea.

Majirani walipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nikasahau kumcheka.

Siku ya tatu ikabaki kazi ya chumba cha kulala.

"Papa, ingia tu," akasema mkwe, kwa ile adabu yake. "Haina shida."

"Niingie wapi?"

"Ku chumba."

Papa Fundi akanigeukia mimi. "Anasema nini huyu?" Kana kwamba mkwe alikuwa ameanza kusema Kichewa.

Wakajadiliana uani nusu saa, bila kutaja kitu chochote kwa jina lake. Mwishowe wakakubaliana hivi: Papa Fundi atapita juu. Juu ya dari si chumbani, ni angani. Atatoboa tundu dogo la balbu huku anatazama pembeni, atateremsha waya, na mtu wa kuupokea chini atakuwa mimi, ambaye si ndugu wa mtu. Yaya alikuwa amekwenda kliniki. Mkwe akaenda kununua balbu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili sikulisema kwa mtu, hata kwa mama yangu.

Nilikuwa nimesimama chumbani, shingo imechoka, nangoja waya. Juu yangu msumeno ulikuwa unakwaruza. Kitanda kilikuwa pale, kikubwa, kimejaza karibu chumba chote, kimetandikwa vizuri. Na mimi nina ulimi huu niliopewa.

"Papa Fundi," nikaita.

"Nini?"

"Shuka iko na maua."

Msumeno ukanyamaza. "We mutoto. Funga kinywa."

"Maua ya rangi ya roza. Na mito iko mbili. Moja imeandikwa LUI, ya bwana, nyingine imeandikwa ELLE, ya bibi."

"Sitaki kusikia!"

"Na hiki kitanda, Papa, kinaonekana kigumu, lakini ukikibonyeza..."

Hakutaka kusikia, na alikuwa mtu wa kutenda anachosema. Alifunga masikio. Kwa mikono yote miwili. Tatizo ni kwamba mikono hiyo miwili ndiyo iliyokuwa imeshika boriti.

Dari halikupasuka. Lilifunguka, kama mlango. Kwanza ilikuja miguu myembamba, kisha tumbo, kisha vumbi la miaka yote ya nyumba ile, na Papa Fundi akatua chali katikati ya kitanda cha binti yake, kichwa kwenye LUI, na kitanda kikaruka naye mara mbili. Penseli ilibaki sikioni.

Na mkwe akaingia na balbu mkononi.

Sitamsahau kijana yule. Alimkuta baba mkwe wake amelala kwenye kitanda chake, mweupe wa vumbi kama unga wa muhogo, macho wazi yanatazama tundu alilotokea. Adabu ilimzidi nguvu. Akainama kidogo, akasema:

"Karibu, Papa."

Papa Fundi hakuumia mwilini. Aliteremka, akatoka nje bila kugeuza shingo, akapita uani, akapita barabarani. Nilimkuta ameshafika mbali, anatembea kuelekea kaskazini, kana kwamba atafika Dzaleka kwa miguu. Alikuwa ameacha vifaa vyake, patasi, nyundo, kila kitu. Tukapanda gari la kurudi kambini. Pale Lumbadzi tulipobadilisha gari nilimwomba msamaha, nikimaanisha kweli. Akatazama barabara.

"Mukalimani hana kosa," akasema. "Alisema yenye iko."

Na hakumwambia mtu. Watu walipouliza alianguka vipi, alijibu kwamba boriti ilikuwa mbovu. Nilitamani anichape.

Umeme ukaja Chinsapo, watu wa kampuni wakaunganisha, taa zikawaka sebuleni, jikoni, hata stoo ya kifaranga. Chumbani hapakuwaka. Waya wa chumbani ulikuwa umeachwa juu ya dari, haujaungwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, fundi yeyote wa mtaani angeimaliza kabla chai haijapoa. Lakini mkwe alikataa kuita fundi mwingine. Alipiga msumari kipande cha karatasi ngumu kwenye lile tundu, akasema, "Nikiita mwingine nitakuwa namuambia Papa kazi yake ilikwisha. Nitamungoja."

Na Papa Fundi akasema, "Hata akiningoja, nitarudije? Nani atasema neno? Bazee bako wapi?"

Alituma barua Kigoma kwa mkono wa mtu. Jibu halikuja. Mkwe alituma ujumbe mara tatu: haina shida, Papa, haina shida. Kila ujumbe ulizidi kumuumiza. "Unaona? Anasema haina shida!" aliniambia. "Njo shida yenyewe hiyo! Angenikasirikia, tungepata pa kuanzia."

Mtoto akazaliwa, msichana. Chumba kikamulikwa kwa kibatari, katika nyumba yenye umeme. Mkewe, Mama Fundi, akaenda kumuona, akakaa majuma mawili, akarudi na habari: pua ya mtoto ni ya babu yake, na ana hasira usingizini. Papa Fundi alisikiliza akiwa amegeukia ukuta, akikuna lipu kwa kucha. Siku hiyo nilitoka nyumbani kwake bila kuzima, nikatembea polepole, nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Nilifika bombani, nikasimama na ndoo yangu tupu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani wowote.

Ni Yaya aliyepata njia. Alituma karatasi, mimi ndiye niliyemsomea baba yake, na nilivyoisoma nilijua ni yeye kwa sababu mkwe asingethubutu. Ilisema: *Papa, tumekitoa inje. Sasa mule ni nafasi tu ya bule, haina kitu. Kuja umalize kazi yako.*

Papa Fundi akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akatoa kamba yake mfukoni, akaanza kuhesabu mafundo bila kupima kitu.

"Chumba bila ile kitu," akasema taratibu, "ni stoo?"

"Ni stoo kabisa," nikasema. Ningesema ni uwanja wa ndege kama ingesaidia.

Mwezi ule mvua zilikuwa zimeanza. Tulifika Chinsapo karibu saa sita mchana, mawingu yamekaa juu ya mtaa kama sufuria nyeusi. Kitanda kilikuwa uani kweli, kizima, na godoro lake na mito yake. Lakini Chinsapo kitu chochote kilichosimama nje kinauzwa. Wamama watatu walikuwa wamekizunguka wanauliza bei, mmoja amekaa juu yake anajaribu springi, na mkwe akirudia, "Hapana, zikomo, asante mama, hapana, hakiuzwi," na yule mama akimjibu kwamba basi apunguze kidogo. Papa Fundi alivuta kofia mpaka puani, akanipa ncha ya kamba, nikamwongoza kupita kama ng'ombe wa mnada.

Ndani aliweza kufungua macho. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Akauliza kama umeme umezimwa. Mkwe akasema ndiyo. Akaenda kuhakikisha mwenyewe. Akarudi, akaenda tena. Akanisimamisha mimi mbele ya mita, nimetanua mikono, na amri kwamba hata Rais akija asiguse. Kisha akapanda kwenye ngazi, akatoa ile karatasi ngumu, akaingiza kichwa na mabega ndani ya tundu lake mwenyewe. Alipomaliza, akashuka, akaja mpaka kwangu.

"Washa," akasema, akasogea nyuma hatua nne.

Nikawasha. Chumba kikajaa mwanga mchana ule wa mawingu, na Yaya, aliyekuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka na mtoto, akapiga kigelegele. Mkwe akapiga magoti. Papa Fundi akakubali kwa kichwa, akaanza kukusanya vifaa vyake: patasi, nyundo, msumeno. Hakumtazama mtoto. Yaya akamletea maji kwenye kikombe, akayakataa kwa mkono, polepole.

"Kazi imekwisha," akasema. "Lakini ile neno haijakwisha. Tusidanganyane."

Yaya akasimama na kikombe chake.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuanza na matone, ilimwagwa. Mkwe akapiga kelele "Godoro!" akakimbia nje, sote tukakimbia, wale wateja wa kitanda wakakimbia upande wao. Mkwe akashika upande wa miguuni, akavuta, peke yake hakiendi. Mimi nikashika, nikateleza, nikakaa kwenye tope. Na sijui kama alifikiri, nadhani hakufikiri, fundi akiona kitu kinaharibika mikono inakwenda yenyewe: Papa Fundi akashika upande wa kichwani. Akainua. Kofia ikaanguka.

"Pita mbele, Papa!"

"Napita!"

Akapita mbele kinyumenyume, mlango wa nje, sebule, mlango wa chumba, akielekeza kazi kama yuko kiwandani, "Inamisha! Kulia! Kulia yako, si yangu! Sukuma!" Mkwe akasukuma. Kitanda kikaingia chote, kikakaa mahali pake, kikajaza chumba kama kilivyokuwa kikijaza.

Na Papa Fundi alikuwa nyuma yake. Kwenye kona ya mbali, mgongo ukutani, kitanda kimemziba mbele na pembeni. Hapakuwa na njia ya kutoka isipokuwa juu ya kitanda.

Bati lilikuwa linanguruma kwa mvua. Taa ilikuwa inawaka. Mkwe alisimama mlangoni, maji yanamtiririka, amefumba mdomo, nadhani alikuwa anaogopa kwamba atasema karibu tena. Yaya alikuja akasimama kando yake na mtoto begani.

Papa Fundi alitazama kushoto. Alitazama kulia. Akatazama dari, tundu alilolitengeneza, akaona ni juu mno. Kisha akatazama kitanda. Akakitazama kwa macho yote mawili. Akaweka kiganja kwenye godoro, akabonyeza, likarudi, akabonyeza tena.

Akageuka, akakaa.

Springi zikalia. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Bale bazee," akasema, akijipangusa uso, "mi nimebangoja sana. Sibaone. Naona nyinyi tu." Akanyoosha mikono juu ya lile shuka la maua. "Munipatie uyu mutoto. Na maji yangu. Na uyu mwenye anacheka, atoke inje."

Nikatoka nje, na mvua ile ilikuwa kali kweli.